Kitambaa Juu ya Tangi

Je, wewe ukifika mlangoni pa mtu ukapiga hodi, usijibiwe, huwa unangoja mpaka lini ndipo uende zako? Nauliza kwa sababu watu wa hapa kwetu Mukuyuni hawangoji sana. Wanapiga hodi, wanasikiliza, wanapiga tena, wanatazama kama kuku wako nje, halafu wanasema huyu ameenda sokoni. Na mimi niko ndani. Nimeketi kwenye kiti changu karibu na dirisha, nachambua ndengu, sina habari.

Hivyo ndivyo nilivyompoteza mama mmoja wa kwaya aliyekuja kuniletea mbegu za maboga. Alirudi nazo kwake. Jumapili akaniambia mbele ya watu, "Syokau, siku hizi unatufungia mlango?" Nikacheka, nikasema nilikuwa shambani. Lakini nilikuwa ndani. Masikio ndiyo hayakuwamo.

Yalianza kwenda polepole, kama redio ambayo mawe yake yanakwisha. Sauti haikatiki, inazama tu. Ndege wa asubuhi ndio walioondoka kwanza. Kisha kifuniko cha sufuria, kile kinachocheza maji yakichemka. Kisha hodi. Hata tangi langu la maji liliacha kunisemesha. Ni tangi la mabati, liko nyuma ya jikoni, linakinga maji ya paa, na tangu zamani nilikuwa nikiligonga kwa kiungo cha kidole kutoka chini kwenda juu. Penye maji panalia kizito, ndu, ndu, na pasipo na maji panalia wazi, ngo, ngo. Nikigonga hivyo najua kama nitaoga au nitanawa uso tu. Lakini nilifika mahali nagonga na kote kukawa sawa. Basi nikawa naegemeza ngazi, napanda, nachungulia.

Mtu akiketi mbele yangu, nikimwona midomo, tunaongea vizuri kabisa. Kwa hiyo hakuna aliyejua. Na sikutaka ajue mtu, hasa mwanangu Kitheka.

Kitheka ana duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa, na nyumba yake iko nyuma ya duka. Ni mwana mzuri, sitaki umwone vibaya. Kila akija huniambia, "Mwaitu, siku nikisikia umeanza kulemewa, nakuja na pikapu. Chumba kiko tayari." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Chumba chenyewe nimekiona. Ni kizuri, kina kitanda kipya na pazia la maua. Lakini ukifungua dirisha unaona misumari, mabati na mifuko ya simiti, na malori yanapita mpaka vikombe vinatembea mezani. Hapa nina mipapai yangu, nina kuku, na kaburi la baba yake Kitheka nalifagia kila Jumamosi kwa ufagio wa matawi. Nikienda, nani atalifagia? Kwa hiyo nilinyamaza.

Sasa nikueleze juu ya mjukuu wangu, maana yeye ndiye aliyeharibu kunyamaza kwangu.

Naye anaitwa Syokau. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na ukishapewa jina la mtu, wewe ni huyo mtu. Kitheka tangu amzae anamwita mwaitu, vilevile anavyoniita mimi. Hawezi kumtuma hivihivi. Wadogo zake wanaambiwa, "Lete maji!" Yeye anaambiwa, "Mwaitu, kama hujachoka, kuna maji ya kunywa?" Alipokuwa mtoto alilitumia sana jambo hilo, mpaka nikamwonya. Mimi namwita Mimi-Mdogo, naye huniita susu, yaani bibi.

Mimi-Mdogo anasoma mambo ya stima katika chuo kikuu huko Nairobi. Huu ni mwaka wake wa mwisho. Ule wa kwanza alinipigia simu akilia, akasema, "Susu, nilidhani nitashika waya, kumbe ni hesabu tu." Alikuwa anasoma hesabu za stima inayokwenda mbele na kurudi nyuma, mara nyingi kuliko unavyoweza kupepesa jicho. Nikamwuliza, ikisharudi nyuma imetuletea nini? Akaacha kulia, akacheka. Akasema hata yeye hilo ndilo linalomsumbua. Nikamwambia basi alale, kesho aende akamwulize mwalimu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kumwuliza mwalimu najua.

Akija likizo, watu wa hapa humletea vitu vilivyokufa. Simu, pasi, spika ya kanisa. Jirani yangu Kitonga, mzee wa maneno mengi, alikuja na redio imefungwa kwa mpira.

"Injinia, hii imekataa."

"Mzee Kitonga, sisi hatufunzwi redio ya mtu."

"Sasa mnafunzwa nini miaka yote hiyo?"

"Tunafunzwa kwa nini vitu vinakataa."

"Hilo hata mimi najua! Imekataa kwa sababu mke wangu aliiangusha."

Mtoto alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini redio aliifungua, na kwa bahati ulikuwa ni waya mmoja umeng'oka. Kitonga akaenda zake akitangaza kijiji kizima.

Likizo iliyopita, wakati wa kiangazi, alikuja na sanduku la waya na uso wa kazi. Akaniambia mwaka wa mwisho kila mwanafunzi lazima atengeneze kitu, na wao wanatengeneza wawili wawili. Mwenzake ni msichana wa Mwingi, Intisar, wanakaa chumba kimoja. Na mwalimu wao amewaambia wasitengeneze kitu cha kupendeza walimu. Wamtafute mtu, wamwulize anataka nini, watengeneze hicho, na huyo mtu akitumie kweli. Asipokitumia, hawajafaulu.

"Kwa hiyo nimekuja kwako," akasema. "Susu, unataka nini?"

Alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia nje. Lakini swali lile nililisikia, maana alilisema kwa sauti ya kujivunia.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Niliona pia chumba cha Sultan Hamud na pazia lake la maua. Nikasema, "Mimi? Mimi sina haja na kitu. Tengeneza chochote, nitatumia."

Akatazama huku na huku, akaiona ngazi imeegemea tangi. "Susu! Unapanda hii? Na magoti hayo?" Akapiga makofi. "Basi nimepata. Hutapanda tena."

Nikamwacha afurahi.

Alifanyia kazi kwenye meza yangu ya chakula. Napenda kukumbuka siku hizo. Mimi napukuchua maharagwe, yeye ameinama na kile chuma chake cha moto, anayeyusha risasi nyembamba kama uzi, na moshi wake una harufu ya utomvu wa mti. Alikuwa akinieleza kila kitu huku ameinua uso, nikawa naelewa. Akasema stima ni kama mtu aliyetumwa dukani, lazima awe na njia ya kwenda na njia ya kurudi, ukikata moja haendi hata kidogo. Alichoma tundu kwenye kitambaa changu cha meza, akaliwekea kikombe juu nisione. Niliona. Siku zote tatu kikombe hakikuhama, hata wakati wa kula.

Kitu chenyewe kilipokwisha kilikuwa hivi. Ndani ya tangi kulining'inia waya wenye vipande vya chuma. Nje, upande wa ua wa Kitonga, kisanduku cheupe. Juu ya tangi, kipande cha sola kama daftari la shule, kwa sababu alisema hataki stima ya mlingoti ikaribie maji. Na jikoni, dirishani, taa tatu ndogo kama punje za mahindi: kijani maji ni mengi, manjano yamefika nusu, nyekundu anza kubana. Ilipowaka kijani alinikumbatia. Tukanywa chai. Akasema atarudi na Intisar kukiangalia kabla hawajakipeleka mbele ya walimu, akaenda.

Sasa, wewe umeingia katika nyumba za kwetu? Kila kitu chenye thamani tunakifunika. Viti, redio, televisheni, hata jagi la maji, kila kimoja na kitambaa chake cha kufuma. Kitu kisicho na kitambaa ni kitu kisicho na mwenyewe. Na hiki kilikuwa kimetengenezwa na jina langu kwa mikono yake, kikalala juu ya tangi uchi, vumbi la kiangazi linakipiga, jua linakichoma. Nilivumilia kidogo. Halafu nikatoa nyuzi, nikakifumia kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu, kizito, nyuzi mbili mbili ili vumbi lisipenye, na kamba kwenye pembe ili upepo usikibebe. Nikapanda ngazi kwa mara ya mwisho, nikakifunga vizuri.

Zile taa zilififia, zikazimika. Nikajua zimepumzika, maana maji yapo.

Siku zilizofuata Kitonga alikuwa akija penye ua na kunipungia mkono. Nilimpungia. Kesho yake akapunga mikono miwili, akiruka kidogo. Nikampungia miwili. Nikasema moyoni, kumbe redio ile ilimfurahisha hivi.

Basi walikuja Jumamosi, nikiwa nimetoka kufagia kaburi. Kitheka aliwaleta na pikapu kutoka Sultan Hamud. Intisar ni msichana mrefu, mtandio wa kijani kibichi, mcheshi, na mama yake alikuwa amempa chupa ya asali ya kwao Mwingi aniletee. Alinishika mikono miwili, akaniangalia usoni, akasema polepole, "Susu, nimekusikia mpaka nimekuchoka. Kila siku ni susu, susu." Nikampenda hapo hapo.

Mimi-Mdogo hakungoja chai. Alikwenda jikoni, akaona taa zimekufa, uso ukamwanguka. Akapanda ngazi. Akashuka amebeba kitambaa kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya.

"Susu. Hii ni nini?"

"Ni kitambaa."

"Naona ni kitambaa. Kilikuwa kinafanya nini juu ya sola?"

"Kinazuia vumbi. Na jua. Jua la hapa linachoma hata plastiki."

Intisar aliketi chini. Hakuketi kwa kuchoka, alikuwa anacheka mpaka miguu imeisha nguvu. "Walahi! Syokau, tutawaambia walimu ilikufa kwa kupendwa!"

"Susu wangu," mjukuu akasema, naye sasa anacheka na kufuta macho, "jua ndilo chakula chake. Umeifunga mdomo!"

Nikacheka pia. Kwa nini nisicheke? Na Kitheka akawa anacheka, ameegemea pikapu. Ungetuona hapo ungesema ni arusi. Halafu Kitonga akaja mbio kutoka kwake.

Akafika mbele yetu akihema, na kwa kuwa ni mtu wa midomo mikubwa, yeye nilimwelewa kila neno. "Asante Mungu huyu kifaranga wenu wa tangi amenyamaza! Alilia usiku na mchana, pii, pii, pii! Ananyamaza, anaanza. Mke wangu alienda kulala kwa dada yake. Nimekuja penye ua nimepiga kelele, nimepunga mikono, na huyu mama ananipungia kama anaaga mtoto wa shule!"

Baadaye nilielezwa kwamba kile kisanduku kina kidude cha kulia, betri ikikaribia kwisha kinaita watu. Wakati huo sikujua. Niliona tu kicheko kinawatoka mmoja mmoja. Mjukuu wangu akatazama kitambaa, akatazama kisanduku, akanitazama. Kitheka alikuwa amenipa mgongo, ameinama kufunga mlango wa pikapu. Halafu wote wakanigeukia kwa pamoja, wananingoja, na hapo nikajua nimeulizwa kitu.

Nilisimama tu. Sijui kama umewahi kuulizwa jambo na nyumba nzima usijue ni jambo gani. Mikono inakuwa mikubwa, hujui uiweke wapi.

Intisar akainuka pale chini. Akaja akasimama mbele yangu, karibu, akasema taratibu kwa midomo iliyo wazi, "Baba Syokau anauliza, hukuisikia ikilia?"

Nikatikisa kichwa.

Kitheka alivua kofia. Alikuja, akanishika bega, na safari hii akaniangalia vizuri. "Tangu lini, mwaitu?"

"Si tangu jana."

"Na moto ukishika jikoni? Na mtu mbaya akiingia? Hapana." Akaitazama pikapu. "Hapana, mwaitu. Leo. Fungasha nguo, vingine nitarudia. Chumba kiko tayari."

"Kitheka mwanangu..."

"Ningekuwa mtoto gani nikikuacha hapa?"

Intisar akasema, "Baba, samahani, mimi ni mgeni. Lakini babu yangu Bulle hasikii kabisa, na kila wiki yuko soko la mbuzi Mwingi. Wao wanapatana bei kwa kushikana vidole, mikono imefunikwa na kitambaa. Hakuna aliyewahi kumdanganya. Wanaosikia ndio wanadanganywa."

"Huyo ana watu karibu," Kitheka akasema.

"Mimi pia niko," Kitonga akajibu kwa kuudhika. "Ama mimi ni mti?"

Kitheka hakumjali. Alikuwa ameshaanza kwenda ndani kunitolea sanduku. Hapo ndipo mjukuu wangu alipomwita. Niliiona midomo yake, hakusema baba. Alisema, "Kitheka."

Akasimama kama amevutwa shati.

"Mimi ni nani kwako?"

Kitheka akageuka, akamtazama mtoto wake. "Wewe ni mwaitu."

"Na huyu?"

"Ni mwaitu."

"Basi una mama wawili hapa, na hakuna hata mmoja aliyesema anahama. Keti."

Na akaketi. Mwanamume mzima mwenye duka na pikapu aliketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliolala, kofia mkononi. Kitonga alitaka kucheka, Intisar akamkazia macho.

Mimi-Mdogo akaleta kigoda cha jikoni, akakiweka mbele ya kiti changu pale kivulini. Akanikalisha mimi, kisha naye akaketi, magoti yake yakagusa yangu. Akageuza uso wake ukaelekea mwangani, midomo ionekane. Kitambaa bado kilikuwa mapajani mwake, alikuwa anakikunja na kukikunjua.

"Susu, mwalimu alisema tumwulize mtu anataka nini. Mimi nilikuuliza nikiangalia tangi. Nikaona ngazi, nikajijibu mwenyewe." Akaielekezea ngazi kidole. "Hukuwa na shida ya ngazi. Ulipanda kwa sababu huisikii tena ndu-ndu. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na nilikuwa hapa mezani siku zote hizo, sikuona."

"Ulikuwa unaniangalia ukiongea. Sikukupa nafasi ya kuona."

Akanishika mikono yote miwili. Vidole vyake vina makovu madogo ya kile chuma cha moto, kama yangu yalivyo na makovu ya sindano. "Basi nakuuliza tena, na safari hii nakuangalia wewe. Usiniambie huna haja. Usiogope baba, huyo niachie mimi. Susu, unataka nini?"

Nilimtazama Kitheka pale juu ya mtungi. Naye alikuwa ameinua macho, ananingoja kama alivyokuwa akiningoja akiwa mdogo nikimkatia papai.

"Nataka taa," nikasema. "Si ya maji. Nataka kitu cha kubonyeza pale mlangoni, na taa karibu na kiti changu. Mtu akija akibonyeza, iwake, nijue kuna mtu, niamke nimfungulie kabla hajaenda. Nataka kukaa hapa nyumbani kwangu, na watu waendelee kuja. Hiyo tu ndiyo nilitaka tangu mwanzo. Na hiyo, nakuahidi, sitaifunika."